Gotra yangu nitaijuaje?

SWALI: Nimezaliwa Mombasa katika familia ya Kihindu yenye asili ya Gujarat. Ninakaribia kuoa, na kuhani ameniuliza gotra yetu. Baba na babu wamekwisha fariki. Nianzie wapi?

JIBU: Pole kwa kufiwa, na hongera kwa ndoa. Gotra ni nasaba ya upande wa baba inayorudi hadi kwa rishi, mhenga wa zama za Veda. Mapokeo huwataja wanane: Vishvamitra, Jamadagni, Bharadvaja, Gautama, Atri, Vasishtha, Kashyapa na Agastya.

Anza na baba zako wadogo na wakubwa. Gotra yao ndiyo yako. Waulize na mashangazi: wakiolewa huhesabiwa katika gotra za waume zao, lakini ya baba yao huikumbuka.

Ikishindikana, tafuta jina la kijiji cha asili. Huko Haridwar, kando ya mto Ganga, makuhani waitwao panda hutunza madaftari marefu ya koo, yaliyopangwa kwa vijiji, yenye majina ya waliofika kuhiji vizazi kwa vizazi.

Usipoipata kabisa, usivunjike moyo: kwa desturi, asiyeijua gotra yake hutajwa kwa Kashyapa.