Kudhibiti Joto Ndani ya Gari la Huduma ya Mkoba

Huduma ya mkoba huwafikishia chanjo, dawa na kliniki ya wajawazito wananchi waishio mbali na kituo. Katika safari hiyo gari huwa chumba cha wagonjwa na bohari ya dawa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo joto lake ni suala la tiba, si la starehe tu.

Chanzo cha joto

Mwanga wa jua hupenya vioo na kufyonzwa na viti na dashibodi, navyo huipasha hewa iliyofungiwa ndani. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 2005 vilionesha kwamba hewa ndani ya gari lililoegeshwa juani hupanda kwa takriban nyuzi 22 za Selsiasi katika saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo hutokea katika dakika 30 za kwanza. Kuacha upenyo mdogo dirishani hakukuleta nafuu ya maana. Hivyo, mtoto au mgonjwa asiyejiweza asiachwe garini hata kwa muda mfupi.

Kupoza gari

Safari ianze alfajiri inapowezekana. Gari liegeshwe kivulini, na kioo cha mbele kifunikwe. Kabla ya kuondoka, milango ifunguliwe; kisha madirisha yabaki wazi kwa dakika chache za mwanzo ili hewa ya moto itoke, ndipo kiyoyozi kiwashwe. Injini ikichemka, dereva azime kiyoyozi na kusimama mahali salama. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kingali cha moto.

Kiyoyozi hupoza haraka kinapozungusha hewa ileile ya ndani. Hata hivyo, akiwamo mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu, mzunguko huo hulimbikiza vimelea. Hapo kiyoyozi kivute hewa ya nje, na madirisha yafunguliwe, ijapokuwa ubaridi utapungua.

Dawa na chanjo

Insulini ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Isiwekwe kwenye dashibodi, wala isigusane na barafu, kwani iliyowahi kuganda haifai tena. Chanjo ya pentavalenti nayo huharibiwa na kuganda.

Dalili za hatari

Mwili hujipoza jasho linapokauka. Penye unyevunyevu mwingi, kama ukanda wa pwani, jasho hukauka kwa shida. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wazee, wajawazito na watumiao dawa za kuongeza mkojo. Mgonjwa asiache dawa hizo kwa hiari yake. Amwulize mhudumu kabla ya safari.

Mtu mwenye mwili wa moto sana akichanganyikiwa, akipata degedege au akizimia, huenda amepatwa na kiharusi cha joto, ambapo joto la mwili hufikia nyuzi 40 au zaidi. Anaweza kuwa bado anatokwa na jasho. Apelekwe kivulini, apunguzwe nguo, amwagiwe maji na kupepewa papo hapo, huku usafiri wa kwenda hospitali ukiandaliwa. Parasetamoli haitibu hali hiyo, na asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Kabla gari halijaondoka, dereva na muuguzi wakubaliane mambo matatu: watapumzika kivuli gani, maji ya kunywa yako wapi, na nani atasoma kipimajoto cha kasha la chanjo.