Kigogota Akigonga Ukuta: Kijitabu kwa Familia Zinazozungumza Kiswahili Marekani na Kanada

Familia nyingi za jamii yetu, ziwe zimetoka Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya, huanza kuishi katika nyumba ya mbao baada tu ya kufika Marekani au Kanada. Mihimili ni mbao, ukuta wa nje ni mbao au plaiwudi, na katikati kuna uwazi uliojazwa sufi ya kuzuia baridi. Afrika Mashariki nako kuna vigogota, tena wa aina nyingi, lakini ukuta wa matofali au wa udongo hauwavutii. Ukuta wa mbao unawavutia sana.

Kwa hiyo mwezi wa tatu au wa nne, jua likichomoza, nyumba huanza kugongwa mfululizo kwa kasi ya ajabu. Wapo wanaodhani fundi amepanda darini. Wapo pia, hasa waliokimbia vita, ambao mioyo yao hushtuka kabla akili haijatambua kinachotokea, kwa sababu mlio huo ukisikika mtu akiwa usingizini unaweza kufanana na risasi za mbali. Tunalisema hili mwanzoni kwa makusudi. Kama mmehamia nyumba iliyo karibu na miti, waelezeni wazee na watoto mapema kwamba kuna ndege huku anayegonga mbao na bati, na kwamba hana madhara kwa mtu.

Kwa nyumba, madhara yapo. Ukuta uliotobolewa huingiza maji ya mvua na theluji, mbao huoza, na bili ya kupasha nyumba joto hupanda. Kuzuia kunawezekana, na mara nyingi kwa gharama ndogo, mradi ujue kwanza ndege huyo anatafuta nini.

Soma alama zilizopo ukutani

Kabla hujanunua chochote, toka nje uutazame ukuta vizuri. Umbo la matundu litakueleza sababu, na kila sababu ina dawa yake.

Sababu ya kwanza ni kujitangaza. Ndege wengine huimba ili kuonyesha mipaka ya eneo lao na kumwita mwenza, lakini kigogota hupiga ngoma. Huchagua kitu chenye mwangwi: mfereji wa bati wa maji ya mvua, kifuniko cha bomba la moshi, au ubao wenye uwazi nyuma yake. Alama anazoacha ni vijishimo visivyo na kina vilivyokusanyika mahali pamoja, mara nyingi kwenye pembe za nyumba. Juu ya chuma hakuna shimo kabisa, ni kelele tu. Ngoma hii huanza majira ya baridi yanapoelekea kwisha, hupamba moto mwezi wa nne na wa tano, kisha hufifia ndege wanaposhughulika na kulea.

Sababu ya pili ni makazi. Ukiona shimo moja au mawili makubwa, ya duara, yenye kingo safi, na chini yake vipande vya sufi ya ukutani vimetapakaa kwenye nyasi, jua kwamba ndege anajichimbia chumba. Majira ya kuchipua chumba hicho ni kiota. Mwishoni mwa kiangazi na kuelekea baridi ni mahali pa kulala. Anayesumbua zaidi hapa ni ndege wa kahawia mwenye madoa meusi kifuani, ambaye Wamarekani humwita flicker. Nyumba zenye plasta nyembamba iliyopakwa juu ya povu gumu humvutia sana, kwani akishavunja ganda la juu, ndani hukuta kitu laini kuliko mti wowote.

Sababu ya tatu ni chakula, na hii inastahili uangalifu kuliko nyingine zote. Vijishimo vidogo visivyo na umbo maalumu, vikifuatana kwenye mstari mmoja, maana yake ni kwamba kuna wadudu ndani. Plaiwudi yenye mifereji ya kusimama, inayotumika sana kwa kuta za nje, huwa na nafasi tupu kati ya tabaka zake. Nyuki wakata majani huingia humo na kutaga mayai. Kigogota hutambua mabuu yalipo, na hufuata nafasi hiyo tundu baada ya tundu. Nyumba nyingine zina nyuki watoboa mbao, au sisimizi wakubwa weusi wanaochimba mbao zilizolowa. Katika hali hiyo ndege amekuja baada ya mharibifu mwingine. Ukimfukuza na kuyaacha mabuu ndani, atarudi, na hata asiporudi, mbao zako zinaendelea kuliwa. Mwite mtaalamu wa wadudu, na utafute maji yanakopenyea.

Kwa wanaoishi California, Oregon au Arizona iko sababu ya nne. Kule kuna kigogota anayeishi kwa ukoo na kuweka akiba ya mbegu za mialoni, kila mbegu ndani ya tundu lake. Mti mmoja wa akiba unaweza kubeba maelfu ya mbegu. Akikosa mti, hutumia ukuta wa mbao.

Usimwue, usimtege

Vijana wetu wengi wamekua na manati mkononi, na kwao ndege anayesumbua ni wa kupigwa. Marekani na Kanada jambo hilo linaweza kukufikisha mahakamani. Vigogota wote wa asili wanalindwa na sheria ya ndege wahamao: Marekani tangu mwaka 1918, Kanada tangu mwaka 1917. Sheria inawalinda hata wale wasiohama. Ni kosa kumwua, kumtega, kuharibu mayai au kuvunja kiota chenye makinda, hata kama kiota hicho kimo ndani ya ukuta wa nyumba uliyoinunua kwa jasho lako. Marekani adhabu inaweza kufika faini ya dola 15,000 na kifungo cha miezi 6. Kanada imekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2022, tundu la kiota la kigogota mkubwa mwenye kishungi chekundu, yule anayekaribia ukubwa wa kunguru, linalindwa hata likiwa tupu. Kwa mtu anayesubiri ukaazi au uraia, kesi ya jinai kwa sababu ya ndege ni mzigo asiouhitaji hata kidogo.

Zipo hali chache ambapo serikali hutoa kibali cha kumwondoa ndege aliyeshindikana. Marekani kibali hicho hutolewa na U.S. Fish and Wildlife Service, nayo hutaka kuona kwanza kwamba njia nyingine zimejaribiwa.

Nasi tunaona sheria hii ni ya haki. Vigogota hula wadudu wanaoua miti, pamoja na mabuu ya mbawakawa wa kijani kutoka Asia aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002 na ambaye ameangamiza miti mingi mno tangu wakati huo. Matundu yao ya zamani huwa nyumba za bundi wadogo, bata wa mitini na kindi. Kumfukuza ukutani bila kumdhuru kunaruhusiwa, mradi hana kiota chenye mayai au makinda, na kunatosha.

Mambo yanayofanya kazi

Jambo la kwanza ni wepesi. Kigogota aliyegonga siku mbili bado anatafuta mahali. Aliyegonga wiki mbili ameshapafanya pake. Anza siku ile ile unayomsikia.

Watafiti wa maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, huko Ithaca, New York, walijaribu njia zinazouzwa sana madukani: bundi wa plastiki, macho ya bandia yanayoning'inia, mashine za kutoa sauti za mwewe na za ndege anayelia kwa taabu, masanduku ya kulala, vyombo vya kulishia mafuta ya ng'ombe, na tepe zinazometameta. Tepe ndizo pekee zilizoonyesha mafanikio ya kutegemewa, nazo zilikomesha uharibifu katika nusu ya nyumba zilizojaribiwa. Bundi wa plastiki humtisha ndege kwa siku chache, kisha humzoea. Usipoteze fedha zako kwake.

Nunua tepe hizo kwenye duka la vifaa vya ujenzi au vya bustani. Kata vipande vya urefu wa mita moja hivi, uvifunge ukingoni mwa paa mbele ya sehemu inayogongwa, na uache ncha ya chini huru ili upepo uizungushe. Mwanga unaorukaruka ndio unaomsumbua ndege, hivyo utepe uliobandikwa ukutani haufai kitu. Kama nyumba yenu iko chini ya chama cha wamiliki wa mtaa, ulizeni kwanza, kwani vyama vingine hukataza vitu vya kuning'inia.

Tepe zikishindwa, njia ya uhakika ni wavu. Chagua wavu wa nailoni wenye matundu ya sentimita 2 hivi. Mapana zaidi ya hapo hunasa ndege wadogo. Ufunge kwenye ukingo wa paa na uushushe hadi chini ya sehemu iliyoharibiwa, ukae mbali na ukuta sentimita 8 au zaidi ili mdomo usifike. Ukaze vizuri na uzibe pande zote, ndege asije akaingia nyuma akakosa pa kutokea. Ukifungwa kwa ustadi, mtu aliye barabarani hauoni kirahisi.

Kwa mpiga ngoma, ua mwangwi. Funika bati analogonga kwa sponji au kitambaa kizito hadi mwezi wa sita, na kama ubao una uwazi nyuma, ujaze. Lakini usizibe bomba linalotoa moshi au hewa ya tanuri la kupasha joto. Gesi yenye sumu isiyo na harufu itarudi ndani, na watu hufa usingizini.

Kwa anayetafuta makazi, unaweza kumtundikia sanduku la kiota mahali pale pale alipoanza kuchimba. Kwa flicker, mlango uwe na upana wa sentimita 6.5 hivi na sanduku lijazwe unga wa mbao hadi juu, kwa kuwa hupenda kuuchimba mwenyewe. Usilitegemee sanduku peke yake. Liende pamoja na tepe au wavu. Na kama uwanjani una mti uliokauka usiohatarisha nyumba wala wapita njia, usiukate. Kigogota mwenye mti wake ana sababu chache za kuja kwako.

Dawa za kunata zinazopakwa ukutani tunazikataa kabisa. Hunata kwenye manyoya ya ndege wadogo hadi wakashindwa kuruka, na huchafua ukuta kwa doa lisilotoka.

Kuziba na kutengeneza

Tundu lililoachwa wazi humwalika ndege mwingine, tena huruhusu maji kuingia. Lizibe mapema, lakini uhakikishe kwanza kwamba hakuna makinda ndani. Kaa nje tangu alfajiri utazame kama kuna ndege anayeingia na kutoka akiwa na chakula mdomoni, kisha usikilize. Makinda yakiwemo, subiri. Tangu mayai kutagwa hadi makinda kuruka, kwa vigogota wengi ni kama mwezi mmoja na nusu tu. Wakishaondoka, ziba mara moja: vijishimo kwa puti ya mbao ya nje, matundu makubwa kwa kipande cha ubao au bati lililopakwa rangi ya ukuta. Ukipaka rangi nyumba nzima, fikiria rangi nyeupe au nyangavu. Nyumba za rangi ya kahawia na udongo, zilizo karibu na misitu, hushambuliwa zaidi. Ukibadilisha ukuta wenyewe, plastiki na alumini hutobolewa mara chache kuliko mwerezi au plaiwudi.

Nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 Marekani huenda ina rangi yenye madini ya risasi. Usikwangue wala kupiga msasa rangi hiyo mwenyewe, hasa kama kuna mtoto mdogo au mama mjamzito nyumbani. Vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto, na uharibifu huo hauponi. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye cheti cha risasi.

Kama wewe ni mpangaji

Ukuta ni wa mwenye nyumba, na kwa kawaida kuutengeneza ni jukumu lake. Usipande ngazi, usinunue wavu kwa fedha zako. Piga picha zenye tarehe, mwandikie kwa ujumbe wa simu au barua pepe, na uhifadhi nakala. Tunasisitiza maandishi kwa sababu wapangaji wengi wa jamii yetu huzungumza kwa mdomo tu, halafu siku ya kuhama hukatwa dhamana kwa matundu ambayo hawakuyatoboa. Kama Kiingereza ni kigumu, mtu wa kanisani, wa msikitini au wa shirika lililokupokea anaweza kukuandikia mistari mitatu.

Kwa wenye nyumba, someni mkataba wa bima kabla ya kuutegemea, kwani mikataba mingi haigharamii uharibifu wa ndege na wadudu. Hata hivyo, ushauri wa bure upo. Marekani, kaunti nyingi zina ofisi ya ushauri wa kilimo na mazingira inayoendeshwa na chuo kikuu cha jimbo. Pelekeni picha za matundu huko, waulizeni ni ndege gani na anatafuta nini, na ombeni mkalimani wa Kiswahili pale mnapomhitaji. Msione haya kuomba.