Badilisha Chungu cha Nyumba, Si Sahani ya Mtoto

Mdogo wangu, kama daktari amekutajia siliaki na umerudi nyumbani hujui mtoto atakunywa chai na nini kesho asubuhi, kaa hapa tuzungumze. Ukiuliza mtaani utaambiwa ni minyoo, utaambiwa ni kijicho, na hatakosekana wa kukuambia kuwa mtoto anadeka. Hakuna hata moja kati ya hayo.

Siliaki ni kinga ya mwili wa mtoto mwenyewe kumgeukia. Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Mwenye ugonjwa huu akiila, kinga yake inaushambulia utumbo mwembamba, na vile vijinywele laini vya ndani vinavyofyonza chakula vinalika mpaka utumbo unakuwa bapa. Mtoto anakula, lakini chakula hakiingii mwilini. Ndiyo maana anaharisha, tumbo limejaa, mikono na miguu myembamba, na damu haipandi hata umpe vidonge vya chuma namna gani. Wengine hawaharishi kabisa. Wanachoka tu, wanapata vidonda vya mdomoni visivyoisha, au vipele vinavyowasha kwenye viwiko na magoti. Na kwa kuwa huku kwetu kuharisha na kupungukiwa damu kuna sababu nyingi nyingine, watoto wa namna hii huzungushwa miaka kwenye dawa za minyoo na amiba kabla mtu hajaiwazia ngano.

Kabla sijaendelea, neno kwako wewe ambaye unashuku tu na hujapima: usimwachishe mtoto ngano leo. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati gluteni ingali inaliwa. Mara nyingi daktari hufuatisha kamera ya kupitia mdomoni, achukue kipande kidogo cha utumbo kikaangaliwe kwa darubini. Ukishaondoa ngano wiki nyingi, utumbo unaanza kupona na kingamwili zinashuka, na majibu yanaweza kuja safi wakati ugonjwa upo. Pima kwanza, uache baadaye. Hili nakusihi kuliko mengine yote, maana kumrudisha mtoto kwenye ngano ili apimwe upya ni kumtesa mara mbili.

Kwa aliyekwisha kupimwa, dawa ni chakula. Hakuna kidonge. Mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, aliwalisha watoto wa siliaki ndizi kwa wingi wakapata nafuu, akaamini ndizi ndizo zinazoponya. Kumbe kilichowasaidia ni mkate ambao hawakuupata. Aliyelifumbua jambo hilo ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ambaye alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya Vita ya Pili ya Dunia. Ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika nchini mwao, na watoto wa siliaki wakawa na hali nzuri zaidi. Mkate uliporudi, maradhi yakarudi. Mwaka 1950 akatoa tasnifu yake, na tangu hapo tunajua adui ni nani.

Sasa tazama jikoni kwako. Ugali wa mahindi, wali, ndizi, muhogo, magimbi, viazi vya aina zote, maharage, kunde, mchicha, kisamvu, samaki, nyama, mayai, maziwa: hakuna gluteni humo. Ulezi, mtama na uwele pia havina. Kuna familia huko Ulaya ambazo mlo wao wote umejengwa juu ya mkate na tambi. Wao wakiambiwa habari hii wanabomolewa nyumba nzima. Sisi kinachobomoka ni chai ya asubuhi na meza ya sikukuu. Chapati, mandazi, mahamri, boflo, sambusa, kaimati, visheti, tambi za sukari na bokoboko, ambalo ni ngano yenyewe. Si kidogo, nakubali. Lakini vitumbua ni mchele. Mkate wa kumimina ni mchele. Vibibi ni mchele na nazi. Asubuhi kuna muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, magimbi, uji wa ulezi. Usikimbilie ile mikate ya kutoka nje inayouzwa bei ya kuku mzima. Mingi ni wanga mtupu, na pesa hiyo ni bora inunue mayai na dagaa, kwa sababu mtoto huyu anahitaji madini ya chuma.

Hapa ndipo nina msimamo, na najua wapo wasioupenda. Usimpikie mtoto chungu chake peke yake. Badilisha chungu cha nyumba nzima. Utaulizwa kwa nini watu watano waache chapati kwa ajili ya mmoja. Jibu langu ni kwamba mtoto anayepikiwa kando anajifunza kuwa yeye ni mgeni kwao. Anakaa na kisahani chake akiwatazama nduguze wakimega chapati ya moto, na ataiba, mdogo wangu, mtoto gani asingeiba? Tena vyungu viwili ni mkaa mara mbili na mama mmoja. Baba akitaka chapati, ataikuta mgahawani karibu na kazini. Watoto wengine watazila kwa shangazi. Nyumbani mle kitu kimoja, kwenye sinia moja.

Sababu ya pili ni vumbi. Kwa kiwango cha kimataifa cha Codex, chakula kinachoandikwa hakina gluteni hakiruhusiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Fikiria udogo wa kiasi hicho, kisha fikiria unga unavyoruka ukisukuma chapati. Kibao na kifimbo chake, chekecheo, mwiko wa mti uliopasuka nyufa, vyote vina ngano ambayo haiishi kwa kusuuzwa. Nunua chekecheo jipya na mwiko mpya, vile vya zamani mpe jirani. Mafuta yaliyokaangia mandazi usiyakaangie viazi vya mtoto. Na karai la barabarani usiliamini hata chipsi zikiwa viazi vitupu, kwa sababu hujui saa mbili zilizopita kilikaangwa nini.

Mashine ya kusaga ndiyo inayowaponyoka wengi. Kama mwenye mashine anasaga na ngano, mahindi yako yanatoka na kiasi chake. Muulize waziwazi, na akisita, tafuta mashine nyingine au nunua unga wa kiwandani wa mahindi ulioongezwa virutubisho. Mchele wa vitumbua loweka usage kwa blenda yako. Unga wa lishe wa mchanganyiko uache kabisa, kwani mara nyingi ndani yake mna ngano. Tengeneza wako kwa ulezi, mchele, soya na karanga, na nafaka uzichambue mwenyewe.

Kisha vipo vinavyojificha. Urojo huwa umetiwa unga wa ngano ili uwe mzito. Viazi karai vimevikwa unga. Soseji nyingi zina ngano, sosi ya soya ina ngano, na vinywaji vya kimea hutokana na shayiri. Vidonge vya mchuzi soma karatasi yake. Bia ya kimea, kwa mtu mzima mwenye siliaki, haifai. Ukishindwa kuelewa maandishi ya pakiti, iache dukani.

Mgumu kuliko unga ni ndugu. Bibi atasema kidogo hakidhuru, na atasema kwa mapenzi, kwa sababu amelea wangapi kwa mkono huo huo. Usigombane naye. Mchukue mwende pamoja kliniki, ayasikie kwa daktari: mtoto akionja kidogo anaweza asilie usiku huo, na bado utumbo ukawa unaumia. Halafu mpe kazi. Nani anajua kuumua mkate wa kumimina kuliko yeye? Kwetu, binti wa kaka yangu alipopimwa akakutwa nayo, bibi yake ndiye aliyekuwa mkaidi kuliko wote. Alipokabidhiwa staftahi ya mjukuu akawa mlinzi wa jiko, mtu haingii na kipande cha mkate.

Kwenye futari na harusi, mpakulie mtoto kwanza, kabla miiko haijachanganyika. Pilau na biriani kwa kawaida ni salama, uliza tu viungo vya pakiti. Beba kikapu chake bila kuona haya. Wakatoliki wenzangu, nendeni kwa padri mapema kabla ya komunyo ya kwanza: Vatikani ilieleza mwaka 2003 kuwa hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, ila ipo yenye gluteni kidogo sana, na asiyeweza hata hiyo anaruhusiwa kupokea divai peke yake. Mtoto asije akashtukizwa mbele ya altare.

Shuleni andika barua, na uende mwenyewe ukamwone mwalimu wa darasa na mpishi. Uji wa shule ulizia umetengenezwa kwa nini. Mtoto mwenyewe mfundishe sentensi moja ya kusema bila aibu: "Ngano inaniumiza tumbo, asante." Akidanganya akala mandazi ya rafiki, usimchape. Ukimchapa, mara nyingine atakuficha, nawe unahitaji kujua. Akivuka miaka kumi na mitatu atachoka kuwa tofauti, na hapo atahitaji umsikilize kuliko umhubirie.

Atapona, na wala haitachukua muda mrefu kuanza kuona tofauti. Tumbo linashuka, anacheza, anaomba chakula mwenyewe. Ndipo watakapokuja wenye maneno: si amepona, mrudishieni mkate. Au atatokea wa kuuza dawa ya kuimaliza kabisa. Amekuwa mzima kwa sababu hali ngano. Siliaki ni ya maisha, na ngano ikirudi, ugonjwa unarudi, hata kama ni baada ya miaka.

Miezi ya mwanzo maziwa yanaweza kumjaza gesi, kwa kuwa utumbo ulioumia haumudu sukari ya maziwa. Jaribu mtindi kidogo kidogo, na umwambie daktari. Rudi kliniki kama ulivyopangiwa, ukaombe kipimo cha kingamwili tena, cha damu, uzito na kimo. Kingamwili zikigoma kushuka, mara nyingi kuna gluteni inayoingia mahali usipopajua, basi kaeni na mtaalamu wa lishe mpitie kila kinacholiwa, kuanzia chumvi.

Na usisahau wengine mle ndani. Siliaki hufuata damu. Kwa wazazi, ndugu na watoto wa mgonjwa, karibu mmoja kati ya kumi huwa nayo, wengine bila dalili yoyote. Haiambukizi kwa kushiriki kikombe wala kitanda. Wapelekeni wote wapimwe, na baba yao pia, tena mapema, wakiwa bado wanakula chapati.