SOMO LA MWEZI: WANUNUZI WAKO WAPI, NA NJIA YA KUWAFIKIA NI IPI?

Mkulima hupima shamba kabla ya kupanda. Vivyo hivyo yampasa kupima soko kabla ya kuvuna. Soko lina vipimo viwili: idadi ya watu, na njia ya kuwafikia. Mwezi huu tutajifunza vipimo hivyo kwa mfano wa Mombasa bara, yaani Likoni kusini, Kisauni kaskazini na Changamwe magharibi.

1. Hesabu ya watu

Mji wa Mombasa ulianzia kisiwani, na mpaka leo wakulima wengi hudhani kwamba wanunuzi wote wako ng'ambo ya maji. Sensa yaonyesha vingine. Mwaka 1969 Mombasa nzima ilikuwa na watu 247,073. Mwaka 2019 walihesabiwa 1,208,333, wakikaa hivi:

Kisauni: 291,930
Likoni: 250,358
Nyali: 216,577
Jomvu: 163,415
Mvita, yaani kisiwani: 154,171
Changamwe: 131,882

Tazama hesabu hii vizuri. Katika kila watu wanane, saba hukaa bara. Likoni peke yake ilikuwa na watu wengi kuliko Mombasa nzima ya mwaka 1969. Wote hao hula kila siku, na wengi wao hawana hata tuta la mchicha.

2. Njia

Upande wa kaskazini pana daraja la Nyali. La kwanza, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. La sasa ni la mwaka 1980. Ng'ambo yake liko soko kubwa la Kongowea. Upande wa magharibi watu hupita Makupa.

Upande wa kusini hakuna daraja la magari la kuingia kisiwani. Tangu mwaka 1937 watu huvuka Likoni kwa feri. Mwenda kwa miguu havuki kwa nauli, lakini gari hulipa, tena hungoja foleni. Mihogo yaweza kungoja. Mchicha na maziwa haviwezi.

Mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu ilifunguliwa yote. Sasa lori kutoka upande wa Kwale laweza kufika Miritini, na kuwauzia watu wa Jomvu na Changamwe, bila kupanda feri.

3. Hesabu ya fedha

Bei kubwa si faida kubwa. Tuseme mkulima wa Shimba Hills ana gunia la mihogo. Kongowea atapata shilingi 2,200, na usafiri ni shilingi 500. Likoni atapata shilingi 1,900, na usafiri ni shilingi 150. Kongowea zitambakia shilingi 1,700. Likoni zitambakia 1,750. Bei ndogo imemletea fedha zaidi, tena amerudi nyumbani mapema akapalilia.

Lakini mwenye magunia hamsini asikate shauri upesi. Wachuuzi wa soko dogo huenda wasiyamalize kwa siku moja. Hapo yafaa wakulima kadhaa wakodi lori moja, wagawane gharama, na kupeleka mzigo kwenye soko la jumla.

4. Kazi ya kikundi

Kutaneni, mmoja wenu aandike majibu ya maswali haya:

(a) Ni masoko gani yaliyo karibu nanyi, na kila moja lina wakazi wangapi?
(b) Usafiri wa gunia moja mpaka kila soko ni shilingi ngapi?
(c) Gari hutumia saa ngapi, pamoja na foleni ya feri?
(d) Ni mazao gani huharibika kabla ya saa hizo kwisha?

Wekeni daftari hilo, na kila msimu andikeni bei mpya. Dalali akija shambani na bei yake, mfungulieni daftari kwanza, ndipo mzungumze.