NYIGU KATIKA PAA LA NYUMBA: SOMO KUTOKA NAMAWALA

Namawala ni kijiji cha wakulima wa mpunga kilichoko magharibi ya mji wa Ifakara, katika Bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro. Kwa miaka mingi jina lake limetajwa zaidi katika utafiti wa mbu na malaria, kwa kuwa ardhi yake hujaa maji wakati wa masika na nyumba zake nyingi zimejengwa kwa kuacha mwanya baina ya ukuta na paa. Mwanya huo unaompitisha mbu usiku ndio unaomkaribisha nyigu mchana. Wakaazi wa mashamba ya Unguja na Pemba, wenye nyumba za makuti na mabanda ya mifugo, wanaijua hali hiyo, na yanayosemwa juu ya Namawala yanawahusu.

Msimu wa mpunga unapofika, wakulima wengi wa bonde hilo huhamia mashambani, wakaishi katika vibanda na kukaa juu ya madungu kuamia ndege. Nyumba ya kijijini hubaki kimya kwa miezi. Nyigu hupenda kimya hicho. Anaporudi mwenye nyumba na gunia lake begani, hukuta sega la rangi ya kijivu linaning'inia juu ya mlango.

Inafaa kwanza kumtambua mdudu mwenyewe. Nyigu ana kiuno chembamba, na sega lake hufanana na karatasi, kwa sababu hulijenga kwa nyuzi za miti alizozitafuna. Huning'inia kwa kikonyo kimoja, na matundu yake huonekana wazi kwa chini. Nyuki ana vinyweleo, sega lake ni la nta, naye hukaa maelfu kwa maelfu ndani ya pango la mti, ukuta au dari. Yuko pia yule anayejenga vijumba vya udongo ukutani. Huyo huishi peke yake na ni nadra kumdhuru mtu. Nyuki amepewa heshima ya sura nzima ya Kur-ani, Surat An-Nahl. Nyigu hana sifa hiyo, lakini ni mwindaji wa viwavi, ambao huwalisha wanawe. Sega lililo juu ya mwembe, mbali na njia ya watu, ni vyema liachwe.

Kosa kubwa linalofanyika ni kutumia moto. Mwenge unaoinuliwa chini ya paa la nyasi au makuti huunguza nyigu ishirini na nyumba moja, na pengine nyumba ya jirani pia. Mafuta ya taa na petroli ni mabaya zaidi. Isitoshe, imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba waliochoma kiota cha sisimizi. Aidha, dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya mpunga au mboga isipulizwe ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Sega dogo lililo mahali pa kupita watu huondolewa usiku, wakati nyigu wote wamerudi na baridi imewalegeza. Anayefanya kazi hiyo avae nguo za mikono mirefu, achomeke suruali ndani ya soksi, afunike kichwa na shingo, na asiwe peke yake. Taa isishikwe mkononi, kwani nyigu huifuata. Iwekwe mbali kando, au ifunikwe kitambaa chekundu, rangi ambayo wadudu hawa hawaioni vizuri. Maji yenye sabuni nyingi, yakimwagwa kwa wingi juu ya sega, huziba matundu ya kupumulia ya nyigu. Sega liangushwe, lizamishwe katika ndoo ya maji hayo, na kikonyo kikwanguliwe. Asipande mtu ngazi kwa kazi hii, asije akaanguka na kuumia. Nyuki waliohamia darini, au sega kubwa lililoko skuli au msikitini, ni kazi ya wataalamu. Kwa upande wa Visiwani, Sheha aarifiwe ili awasiliane na ofisi ya misitu.

Aliyeumwa aondoke mahali hapo upesi. Mwiba wa nyuki hubaki mwilini ukiendelea kutoa sumu, hivyo ukwanguliwe papo hapo kwa ukucha. Wa nyigu haubaki. Pasafishwe kwa sabuni, pawekwe kitambaa cha maji baridi. Lakini iwapo midomo inavimba, pumzi inabana, vipele vinaenea mwili mzima au mtu anazunguka kichwa, huo si uvimbe wa kawaida. Kwa mtu wa aina hiyo mwiba mmoja unatosha kuua, na dawa yake ni sindano ya adrenalini. Asisubiriwe hadi asubuhi. Mtu wa Namawala lazima afikishwe Ifakara, na masika njia ya bondeni ni nzito. Mtu wa Kojani au Tumbatu atahitaji chombo cha kumvusha. Mtoto aliyeumwa mara nyingi, hata akionekana mzima, apelekwe pia, kwani sumu nyingi hudhuru figo.

Nyumba ikishasafishwa, mwanya wa paa uzibwe kwa wavu wa waya mwembamba kabla ya msimu wa kuhama. Udongo haufai kuzibia sehemu ya jiko, kwani moshi nao unahitaji pa kutokea. Wavu huuachia moshi na kuwazuia nyigu pamoja na mbu.