Mahali Pazuri pa Kuutazama Mji wa Morogoro

Mimi nimezaliwa katika nchi ya tambarare, ambako mtoto akitaka kutazama mbali hupanda juu ya kichuguu. Nilipoletwa shule hii, milima ya Uluguru ilinitia hofu kidogo, na kwa miaka mitatu niliitazama kutoka chini tu. Muhula huu mwalimu wetu wa Jiografia aligawanya kidato cha nne katika makundi, akatuagiza hivi: kila kundi lichague mahali pamoja pa juu, lichore mji kama uonekanavyo kutoka hapo, kisha lieleze kwa nini mji umekaa pale ulipo. Mchoro utakaoshinda utabandikwa ukutani katika darasa la kidato cha tatu. Sisi tulianza kwa kukosea, na nadhani kosa letu laweza kuwafaa wengine.

Kundi letu lilichagua Lupanga, kilele kinachoonekana juu kabisa mtu akisimama sokoni na kuinua macho. Hatukuchagua kwa kubahatisha, tulipiga hesabu. Dunia ni mviringo, kwa hiyo kadiri mtu apandavyo ndivyo upeo wa macho unavyosogea mbali. Kanuni yake ni hii: chukua kimo chako kwa meta, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57, nawe utapata umbali wa upeo kwa kilometa. Mtu aliye meta 100 juu ya uwanda huona hadi kilometa 36 hivi. Akiwa meta 400, huona kilometa 71. Angalia vema: kimo kimezidi mara nne, lakini umbali umezidi mara mbili tu.

Mji wa Morogoro uko meta 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Lupanga ni zaidi ya meta 2,100. Basi kilele kiko meta 1,600 juu ya mji, na kwa kanuni ile twapata kilometa 143. Mwenzetu mmoja akazidi: upande wa mashariki nchi yateremka mpaka baharini, basi tuhesabu kimo chote cha meta 2,100. Jibu likawa karibu kilometa 164. Kwenye ramani, kutoka Lupanga hadi ufuo wa Bagamoyo ni kama kilometa 140. Tukashangilia! Tutaiona Bahari ya Hindi kutoka Morogoro! Kundi la pili, waliokuwa wamechagua vilima vya upande wa Kola, tuliwacheka sana.

Msitu wa juu ni hifadhi, kwa hiyo tulipata kibali, tukaenda pamoja na mwalimu na kiongozi wa njia. Tulipokuwa tukipanda tulikutana na bibi mmoja wa Kiluguru akishuka sokoni na tenga la ndizi kichwani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Mwaenda wapi na makaratasi hayo?”

“Twaenda kileleni, bibi, kuutazama mji.”

Alicheka mpaka tenga likatikisika. “Kileleni hakuna mji, wanangu. Kuna miti. Mji ndio huo nyuma yenu.”

Hatukugeuka. Tulifika juu karibu saa sita, miguu ikitetemeka, na mambo yalikuwa kama alivyosema. Kilele cha Lupanga kimefunikwa na msitu, na palipo na pengo kati ya miti palijaa wingu jeupe. Hewa yenye unyevu kutoka baharini ikigonga milima hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, ikipoa unyevu wake hugeuka wingu. Jambo hili tulikuwa tumelijibu katika jaribio na kupata alama zote, lakini hakuna aliyelikumbuka tulipokuwa tukichagua mahali. Tulikula viazi vyetu ndani ya wingu hilo, tukashuka na karatasi nyeupe.

Kundi la Kola nao hawakufaulu. Vilima vile ni vifupi, na mtu wa chini huuona mji ubavuni: nyumba ya mbele humficha wa nyuma, kama watu waliopanga mstari wa kuchota maji. Waliona mabati na minazi, lakini barabara hawakuweza kuzifuata. Hapo kicheko kikaisha pande zote mbili.

Wiki ya pili tuliomba ruhusa tena, tukapita njia ya Boma hadi Morningside, penye nyumba ya kale iliyojengwa zamani za Wajerumani. Njia hiyo ndiyo iendeleayo hadi Bondwa, kwenye minara ya mawimbi, lakini sisi hatukutaka tena habari za vilele. Morningside iko chini ya msitu mkubwa, kwa hiyo miti haizuii macho, na wingu la asubuhi hukaa juu ya kichwa. Tulitoka alfajiri. Wakati ni jambo kubwa kama mahali penyewe. Mwezi wa Juni jua huwa upande wa kaskazini kwetu, na atazamaye mji kutoka mlimani huelekea kaskazini. Adhuhuri mwanga humrudia machoni. Asubuhi jua huja kutoka ubavuni, likatupa vivuli, na kila mfereji ukaonekana. Tena Juni mvua za masika zimekwisha osha hewa, na moshi wa mashamba haujawa mwingi. Hata Tokyo, ambako watu hupandishwa kwa lifti hadi meta 450 katika mnara wa Skytree, mlima Fuji huonekana vizuri zaidi asubuhi za baridi kavu. Mnara haumsaidii mtu kama hewa imechafuka.

Nilipogeuka na kutazama chini nilinyamaza kwa muda. Nilikuwa nikiamini kwamba mji ulijengwa hapa kwa ajili ya maji na ubaridi wa mlima. Maji ni kweli: mto Morogoro washuka moja kwa moja hadi mjini, na mto Ngerengere wazunguka nyuma yake kama mshipi wa kijani. Lakini kutoka Morningside niliona jambo ambalo ramani haikunifunza. Milima yetu ni ukuta, na ukuta huo wakoma hapa, upande wa kaskazini. Mtu atokaye pwani kwenda bara hana haja ya kuupanda, huzunguka pembe yake. Misafara ya zamani ilipita hapo. Stanley mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwene wenye kuta, uliokuwa wa Kisabengo. Reli ya kati ilifika mwaka 1907 kwa njia hiyo hiyo, kisha barabara ya lami, na mwaka 2024 treni za umeme. Zote nilizitazama pamoja.

Magharibi mlima Mindu umesimama peke yake kama mgeni aliyekosa kiti. Pale Msamvu barabara yagawanyika kwa sababu yake: moja yapita kati ya Mindu na Uluguru, karibu na bwawa la Mindu, kwenda Iringa; nyingine yapita kaskazini kwenda Dodoma. Baba yangu ni utingo wa lori katika njia hiyo ya Dodoma. Nililiona lori moja, dogo kama mdudu, likipanda taratibu kuelekea nchi ya kwetu, nikalifuata kwa macho mpaka likapotea. Sikusema najua ni lori la nani. Mwenzangu aliniuliza kwa nini sichori, nikamwambia nachonga kalamu.

Bahari hatukuiona. Hesabu haikuwa na kosa, lakini vumbi na mvuke vilivyo katika kilometa 140 za hewa havimo katika kanuni.

Mchoro wetu umebandikwa. Wanafunzi wa kidato cha tatu wataona kwamba upande wa kulia, juu, kuna kipande cha mto Ngerengere kilichochorwa kwa kalamu ya risasi tu. Hapo palikuwa na moshi wa matanuri ya matofali, nami nilikisia. Mwenzangu ashikilia kwamba mto wapinda, mimi nadhani wanyooka. Atakayepanda Juni ijayo, asubuhi, akapatazame, akamalize kwa wino.