Probayotiki Ukiwa kwenye Dozi ya Antibayotiki: Ipi, Kiasi Gani, Saa Ngapi

Dirishani kwetu famasia, mtu akishapokea antibayotiki zake, siku hizi swali linalofuata ni moja: “Na ile ya kulinda tumbo?” Wengine wameandikiwa na daktari, wengine wamesikia kwa jirani, wengine wameona tangazo kwenye simu. Haya hapa ni maswali ya wasomaji yanayojirudia zaidi.

Shikamoo daktari. Nimepimwa nikakutwa na bakteria wa vidonda vya tumbo, nikapewa dawa za siku 14. Leo siku ya nne: mdomo mchungu, tumbo linaharisha. Shoga yangu anasema niache dawa, ninywe probayotiki mpaka tumbo litulie. Nifanyeje?

Marahaba. Mimi ni mfamasia, ila swali lako limefika mahali pake. Usiziache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.

Dozi hiyo kwa kawaida huwa na amoksilini, klarithromaisini na dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli. Pengine metronidazoli nayo imo. Uchungu wa mdomoni unaletwa hasa na klarithromaisini au metronidazoli, na utaondoka dozi ikiisha. Kuharisha kuna sababu nyingine. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wanaomalizia kuchakata wanga ambao tumbo halikuumeng’enya, na wingi wao huwanyima nafasi vimelea wakorofi. Antibayotiki haichagui: inamuua Helicobacter pylori uliyekutwa naye, na hao nao inawapunguza. Wanga ukibaki bila kuchakatwa huvuta maji, choo kinalainika.

Ukikatisha dozi siku ya nne, bakteria waliobaki hai ni wale waliostahimili, na klarithromaisini huenda isikufae tena. Raundi ya pili huwa ndefu zaidi na yenye vidonge vingi zaidi. Kwa hiyo probayotiki kwako ina kazi moja, kukupunguzia adha ili umalize siku 14. Haitibu vidonda vya tumbo peke yake, hata kama muuzaji atakuapia. Iliyochunguzwa vizuri kwa hali yako ni Saccharomyces boulardii, miligramu 250 hadi 500, kutwa mara mbili, sambamba na dozi. Ingekuwa bora uianze siku ya kwanza, lakini anza leo. Kunywa ORS kila baada ya choo cha majimaji. Ukiona damu kwenye choo, au homa, au tumbo linakaza kwa maumivu makali, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usinunue dawa ya kufunga kuharisha.

Mtindi ninaogandisha nyumbani si probayotiki tosha?

Mtindi ni chakula kizuri, endelea nao. Ila mwaka 2001 wataalamu walioitwa na FAO na WHO huko Córdoba, Argentina, waliweka kipimo ambacho bado tunakitumia: viwe vijidudu hai, viwe vya kutosha, na viwe vimethibitika kumfaidi anayevitumia. Mtindi wa nyumbani huenda una bakteria hai wengi, lakini hatujui ni wa aina gani wala wako wangapi, kwa hiyo hatuwezi kuuhesabia kama dozi. Yogati nyingine za dukani hupashwa moto baada ya kugandishwa ili zikae muda mrefu. Bakteria wake wameshakufa.

Inawezekana kabisa kutengeneza maziwa yenye bakteria anayejulikana hapa kwetu. Aliyekuwa mwenyekiti wa jopo lile la Córdoba, Gregor Reid wa Kanada, alishirikiana na watu wa Mwanza katika mradi ambao akina mama waligandisha yogati kwa Lactobacillus rhamnosus GR-1 na kuiuza kwa jina la Fiti. Uganda nako kuna yogati inayogandishwa kwa bakteria aliyetokana na GG, ambaye nitamweleza punde. Bidhaa za namna hiyo zikipatikana karibu nawe, zina maana kuliko kopo la gharama lisilotaja lina nini.

Jambo moja nalisisitiza kwa wanaonunua maziwa moja kwa moja kwa mfugaji: yachemshe kwanza, ndipo uyagandishe. Maziwa mabichi yaliyoganda bado yanaweza kukupa brusela, na kuganda kwake si kinga.

Kwenye kabati la famasia ziko nyingi. Nichague ipi?

Geuza boksi, soma nyuma. Unatafuta jina kamili, lenye herufi au namba za mwisho. “Lactobacillus” peke yake haikuambii kitu. “Lactobacillus rhamnosus” ni afadhali. “Lactobacillus rhamnosus GG” sasa umefika, maana ni huyo mahususi aliyejaribiwa kwa wagonjwa. Herufi mbili za mwisho zinatokana na majina ya Sherwood Gorbach na Barry Goldin, waliomtenga kutoka kwa binadamu mwenye afya kule Marekani katika miaka ya 1980. Kwenye maboksi mapya jina la kwanza linaweza kuandikwa Lacticaseibacillus, ni yuleyule.

Wa pili ni Saccharomyces boulardii, ambaye ni jamii ya hamira. Mfaransa Henri Boulard alimpata katika miaka ya 1920 huko Indochina, kwenye matunda ya laichi na mangostini, baada ya kuona wenyeji wakitumia maganda yake kutuliza kuharisha wakati wa kipindupindu. Kwa mtu aliye kwenye antibayotiki, hamira hii ina faida ya wazi. Antibayotiki huua bakteria, haiui hamira, kwa hiyo hata ukikosea saa za kumeza hupotezi kitu.

Lakini dawa ya fangasi huiua. Hapa ndipo naona watu wengi wanapoteza fedha: dada anatibiwa uchafu ukeni, anapewa metronidazoli pamoja na flukonazoli, halafu anaongezewa boksi la Saccharomyces boulardii juu yake. Flukonazoli inaimaliza. Kwa dada huyo, kama probayotiki inahitajika, ni GG.

Utakutana pia na vichupa vidogo vya plastiki vyenye Bacillus clausii. Hustahimili joto na baadhi ya antibayotiki, lakini ushahidi wake ni mwembamba kuliko wa hao wawili. Na boksi linalojisifu kuwa na aina kumi au kumi na tano lisikuvutie kwa wingi huo tu.

Nitumie kiasi gani, kwa siku ngapi?

Kwa bakteria, kipimo kinaandikwa kwa herufi CFU, yaani idadi ya walio hai. Lenga angalau bilioni 5 kwa siku. Kwa GG wengi wetu tunatoa bilioni 10 hadi 20. Saccharomyces boulardii wa miligramu 250 ni takriban bilioni 5. Kapsuli za bilioni 1 zimejaa sokoni, na kwa kazi hii ni chache mno.

Angalia pia idadi hiyo imeahidiwa mpaka lini. Kama boksi linasema ilihesabiwa siku ya kutengenezwa, hujui wamebaki wangapi leo. Chagua linaloahidi idadi mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi. Anza siku ya kwanza ya antibayotiki, isizidi ya pili, kisha endelea wiki moja baada ya dozi kuisha.

Nameza amoksilini kila baada ya saa nane. Probayotiki niiweke wapi?

Tuseme vidonge vyako vya rangi mbili unameza saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. GG mmeze saa 3 asubuhi na saa 11 jioni. Kanuni ni kutenganisha walau saa mbili. Meza kwa maji ya kawaida au chakula cha uvuguvugu; usifungue kapsuli kwenye chai ya moto wala uji unaofuka mvuke.

Walio kwenye siprofloksasini au doksisaiklini wawe macho na mtindi. Madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye maziwa hushikana na dawa hizo, dawa ikapungua nguvu kabla haijaingia kwenye damu. Meza dawa kwanza, mtindi uufuate saa mbili au zaidi baadaye.

Mwanangu wa miaka mitatu akipewa tu dawa ya maji ya antibayotiki, anaharisha. Naye nimpe?

Kwa watoto ndipo ushahidi ulipo imara. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 yalikusanya tafiti 33 zenye watoto zaidi ya 6,000: kati ya kila 100 waliopewa antibayotiki bila probayotiki, 19 waliharisha, waliopewa probayotiki, 8. Dozi za kuanzia bilioni 5 kwa siku ndizo zilizofanya vizuri. Mpe GG au Saccharomyces boulardii kwa kiwango hicho, ukifungua kapsuli kwenye uji uliopoa. Akiharisha, ORS na zinki ndiyo matibabu yenyewe. Zinki kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Probayotiki haichukui nafasi ya hivyo viwili. Mtoto njiti usimpe chochote cha namna hii bila daktari wake.

Mama yangu ana miaka 74, amelazwa, anachomwa antibayotiki. Nimpelekee?

Muulize kwanza daktari wa wodi, tena kabla hujanunua. Mgonjwa aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, au ambaye kinga yake imeshuka sana kwa sababu ya tiba ya saratani au upandikizaji, anaweza kupata maambukizi ya damu kutokana na hamira hiyohiyo. Hata kapsuli isifunguliwe karibu na kitanda chake, maana unga hupeperuka ukashika mikono na mpira.

Na kwa wazee matokeo hayafanani na ya watoto. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2013 uliwafuatilia karibu wagonjwa 3,000 wa miaka 65 na zaidi waliokuwa hospitali. Walipewa mchanganyiko wa bakteria bilioni 60 kwa siku, na walioharisha walikuwa karibu sawasawa na wasiopewa, takriban 10 katika 100 pande zote mbili. Bilioni zilikuwepo tele. Mchanganyiko ule haukusaidia.

Mimi ni mzima, nimeandikiwa azithromaisini ya siku tatu tu. Ninunue?

Hapana. Tumbo lako litajirudia lenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walionyesha kuwa watu waliopewa mchanganyiko wa bakteria wa aina 11 baada ya antibayotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kitu. Walikuwa watu wachache, na hawakupima kuharisha, lakini inatosha kukuondolea hofu ya kutonunua. Fedha hiyo ni ya aliyewahi kuharisha vibaya kwa antibayotiki, wa dozi ndefu, wa amoksilini yenye asidi ya klavulaniki au klindamaisini, na wa watoto.

Na kama hiyo azithromaisini umejiandikia mwenyewe kwa ajili ya mafua, irudishe kabatini. Mafua yanaletwa na virusi, nayo haivigusi.

Nimenunua Dar es Salaam, nasafiri na basi hadi Songea. Itafika nzima?

Saccharomyces boulardii aliyekaushwa hustahimili safari, mradi boksi lisikae juani dirishani wala kwenye buti la gari. Bidhaa za bakteria zinazoandikwa “hifadhi nyuzi 2 hadi 8” zinataka friji, na mwuzaji anayeziweka wazi kwenye rafu ya duka lenye joto anakuuzia unga. Muulize imekaa wapi tangu ifike. Kwa safari hiyo chukua hamira, ibaki kwenye pakiti zake, na usihamishie kapsuli kwenye chupa tupu, maana unyevu huziharibu upesi.